Swali lililokataa kuhamia kijijini

Miaka ya Ujamaa, Mwalimu Nyerere aliishi na familia yake Msasani, ufukweni mwa Dar es Salaam, jirani na wavuvi. Enzi hizo maana ya maisha ilitangazwa hadharani. Azimio la Arusha la 1967 lilitaka kazi, usawa na kujitegemea, na Mwalimu alifundisha kwamba mtu hukamilika ndani ya jamii yake.

Mwaka huohuo, kijana mmoja kutoka Namagondo, Ukerewe, aliingia chuo kikuu pale Mlimani, mwendo mfupi wa gari kutoka Msasani. Alikuwa Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa 1944 na kusomea seminari ya Nyegezi. Kama Nyerere, alikuwa Mkatoliki wa kanda ya ziwa, na baadaye naye akawa mwalimu. Ila swali lake lilikuwa jingine: mtu akishapewa shamba, jembe na wenzake, nani atamwambia kwa nini aendelee kuishi?

Ulaya swali hilo lilikuwa limeshika kasi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942 Albert Camus aliuliza kama inafaa kuyaishi maisha yasiyo na maana. Mwaka 1945, jijini Paris, Jean-Paul Sartre alisema mtu huanza kwa kuwapo tu, kisha hujitengeneza kwa matendo yake, wala hana wa kumtwisha mzigo huo. Falsafa hiyo ndiyo udhanaishi.

Kezilahabi aliutia udhanaishi katika damu ya watu wa Ukerewe. Riwaya yake ya kwanza, *Rosa Mistika* (1971), ilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Katika *Kichwamaji* (1974), Kazimoto ni msomi anayebishana na kila kitu: wazazi, dini, elimu yake mwenyewe. Anaoa, mkewe anajifungua mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi, na mtoto haishi. Kazimoto anajipiga risasi. Ametambua kwamba hakuna maana aliyoandaliwa, lakini ameshindwa kujitengenezea yake.

Mwaka uliofuata likaja pigo la kisiasa. Operesheni Vijiji ilikuwa inahamisha watu kwa amri, na *Dunia Uwanja wa Fujo* ikatoka. Tumaini, aliyekwishajichumia mali, anatakiwa kuitoa kwa ajili ya Ujamaa. Anamuua mkuu wa wilaya, naye ananyongwa. Mwandishi hamtetei Tumaini, mtu wa anasa na ubinafsi. Anaonyesha kwamba maana inayoletwa kwa amri humfanya mtu aipiganie hata ile aliyojitungia vibaya.

Mwaka 1991 CCM, kwa Azimio la Zanzibar, ililegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa Arusha. Mwaka huo ilitoka *Mzingile*, ambamo Kezilahabi anaiacha siasa ya vijiji na kumtuma msimulizi wake katika safari ya ajabu ya kuutafuta ukweli. Mwenyewe alihamia Botswana, akafundisha chuo kikuu, na kufariki Januari 2020.

Vizazi vilivyofuata havikuhitaji tena kubishana na amri ya kuhamia kijijini. Vilibaki na kazi iliyomshinda Kazimoto. Ujamaa uliwapa watu shule, zahanati na sababu ya kushirikiana, na hayo si madogo. Lakini kumchagulia mtu sababu ya kuamka asubuhi ni kazi ambayo hakuna serikali iliyowahi kuiweza, na Kezilahabi alilisema hilo kwa Kiswahili wakati ambapo kulisema kulikuwa na gharama.