Halmashauri ya Karatu: nani anafanya nini, na kitongoji chako kina kazi gani

Leo naweka kitu cha kuhifadhi, ukisome siku ukiwa na shida na ofisi. Mimi mwenyewe nilikijua kwa kuchelewa. Nilipomaliza form four nilikwenda kwa diwani wetu kulalamikia shimo kwenye njia ya kwetu, nikamwaga maneno kwa mbwembwe kweli. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Kijana, hiyo barabara siyo yetu tena." Aibu niliyoona, we acha tu.

Ni kweli. Tangu 2017 barabara za mitaani na vijijini ziko TARURA. Ile lami inayopanda kutoka Makuyuni mpaka lango la Ngorongoro ni ya TANROADS. Maji ya vijijini tangu 2019 yako RUWASA. Hata kodi ya majengo, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Diwani anaweza kuwabana hao kwenye kikao, lakini fungu haliko kwake. Kilichobaki halmashauri ni shule za serikali, zahanati na vituo vya afya, masoko, minada, stendi, taka, machinjio, leseni za biashara na vibali vya ujenzi. Siyo kidogo hata hivyo.

Sasa wakubwa wenyewe. Wengi tunamchanganya Mkuu wa Wilaya na Mkurugenzi. Wote wawili wanateuliwa na Rais, lakini Mkuu wa Wilaya ni mwakilishi wa serikali kuu, mambo ya ulinzi na usalama yako kwake. Mkurugenzi ndiye bosi wa shughuli za kila siku za halmashauri, na ndiye katibu wa Baraza la Madiwani. Mwenyekiti wa halmashauri ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake. Kwa hiyo mmoja katoka kwa wapiga kura, mwingine katoka juu, na wanakaa meza moja. Karatu tunaijua vizuri hadithi hii. Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alikuwa mbunge wetu kuanzia 1995 mpaka 2010, na chama chake kikawa na madiwani wengi kwa miaka kadhaa, lakini Mkurugenzi aliendelea kuletwa kwa uteuzi kama kawaida. Madiwani wanapitisha, mtendaji anatekeleza. Wasipoelewana, mambo yanalala.

Baraza linakaa kila baada ya miezi mitatu, na mwananchi unaruhusiwa kuingia kusikiliza. Narudia: UNARUHUSIWA. Huwezi kuongea, lakini unasikia nani kasema nini. Kazi ya kukuna kichwa inafanyika kwenye kamati, hasa ile ya Fedha, Uongozi na Mipango inayokaa kila mwezi.

Hela inatoka wapi? Watu wanaona magari ya watalii yanapita asubuhi hadi jioni wanadhani halmashauri imejaa dola. Kiingilio cha kreta siyo hela ya Karatu jamani, hiyo ni mambo ya Mamlaka ya Hifadhi na serikali kuu, na kreta yenyewe iko Wilaya ya Ngorongoro, ambayo ni halmashauri nyingine kabisa, makao yake huko Loliondo. Sisi tunapata ushuru wa huduma kwa wafanyabiashara, leseni, ushuru wa soko na mnada, na ushuru wa mazao kama vile vitunguu vya Mang'ola. Kwenye mazao, kuna kitu mkulima anatakiwa akijue: kwa sheria ushuru huo analipa mnunuzi, siyo wewe mkulima. Na tangu 2017 mzigo usiozidi tani moja ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi. Ukizuiwa getini na magunia yako machache, uliza kwa upole, kisha dai risiti.

Katika mapato hayo ya ndani, asilimia 10 ni ya mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Sheria ilibana hivyo mwaka 2018. Ilisimamishwa Aprili 2023 na kurudi 2024. Inatolewa kwa vikundi, na safari ya kikundi inaanzia chini kabisa, kwenye ofisi ya mtendaji.

Hapo ndipo kitongoji kinapoingia. Karatu mjini ni Mamlaka ya Mji Mdogo, kwa hiyo kisheria hatuna mitaa, tuna vitongoji, na wenyeviti wa vitongoji ndio wanaounda baraza la mji mdogo. Yule mzee tunayemkwepa kijiweni kumbe ni mjumbe wa baraza! Vijijini kuna mkutano mkuu wa kijiji, mwenye miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuongea, na mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa pale.

Ukitaka kujua uzito wa ngazi hii, angalia majirani zetu. Agosti 2024 Tangazo la Serikali Na. 673 lilifuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya Wilaya ya Ngorongoro, miezi mitatu kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Tarehe 18 Agosti wananchi, wengi Wamasai na mashuka yao mekundu, wakajaa barabarani ndani ya hifadhi. Tarehe 22 Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha tangazo, na serikali ikatangaza kwamba watapiga kura kwao kama wengine.

Siku zile jamaa yangu wa upande wa Endulen hakuniuliza habari za vyama. Aliniuliza, "Ndugu yangu akikamatwa, barua ya kumdhamini nitagongewa muhuri na nani?" Maana kijiji kikifutwa, mtendaji hayupo, muhuri haupo, mkutano haupo. Barua ya utambulisho ya kitambulisho cha NIDA unaitoa wapi? Kikundi chenu cha mkopo mnakipeleka kwa nani?

Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Wenyeviti waliopo wanakaa miaka mitano, yaani mpaka 2029. Wako unamjua jina?