Taya linaluma ao linalia: namna ya kujitunza, na wakati wa kukimbia hospitali

Kuna watu wanaenda kwa munganga wa meno wakiomba jino ling'olewe, kumbe jino ni zima. Kinacholuma ni kiungo cha taya. Ni vizuri kukijua mbele ya kupoteza jino bure.

Kiungo hicho kiko wapi?

Weka kidole mbele kidogo ya sikio, halafu fungua kinywa na ukifunge. Pale unaposikia mufupa unatembea ndipo kiungo kilipo, kimoja kila upande. Katikati ya mifupa kuna kisahani laini kinachozuia isisuguane.

Ugonjwa unatoka wapi?

Mara nyingi sababu ni zaidi ya moja: kusaga ao kukaza meno usiku katika usingizi, ao muchana ju ya mawazo mengi, kugongwa taya, kwa mufano katika ajali ya piki, ao ugonjwa wa viungo. Wanawake wanapatwa zaidi kuliko wanaume.

Alama zake ni zipi?

Maumivu mbele ya sikio, kichwa kuluma, taya kuchoka wakati wa kula, na kinywa kufunguka kidogo tu. Mutu muzima kwa kawaida anaingiza vidole vyake 3, kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele.

Na kama taya linalia "ko!" bila kuluma? Usiogope. Wengi wako na sauti hiyo, na haiombi dawa.

Inatibiwa namna gani?

Kwa wengi inapungua bila kupasuliwa:

- Kwa siku chache kula vitu laini: uji, sombe, viazi vya kuponda. Acha kwanza muwa, mahindi ya kuchoma, nyama ngumu na chingamu. Usifungue chupa kwa meno.
- Weka kitambaa chenye maji ya moto kiasi, dakika 15, mara 2 ao 3 kwa siku.
- Usipokula, midomo ifungwe lakini meno yasigusane. Ukipiga miayo, shikilia kidevu.
- Paracetamol inaweza kusaidia, bila kupitisha kipimo. Kwa ibuprofen, mama mujamuzito na mwenye vidonda vya tumbo waulize munganga kwanza.

Yasipopungua, munganga wa meno anaweza kukufundisha mazoezi ya taya ao kukutengenezea kifuniko cha meno cha kuvaa usiku. Upasuaji ni kwa wachache. Mutu akikuambia meno mazima yakatwe ao yang'olewe ili taya lipone, uliza munganga mwingine kwanza: jino likienda halirudi.

Wakati gani usingoje?

- Kinywa kimebaki wazi, hakifungi. Asikupige wala kukusukuma mutu. Hospitali wanajua kurudisha taya kwa mikono.
- Taya limekaza na shingo ao mwili unakakamaa. Inaweza kuwa pepopunda (tetanosi), hata kama kidonda kilikuwa kidogo ao kimekwisha kupona. Mutoto muchanga akiacha kunyonya na kukakamaa, ni hatari ile ile. Si kazi ya dawa za nyumbani.
- Shavu ao shingo imevimba, kuna homa, kumeza ni shida.
- Taya linaluma pamoja na kifua, na jasho linatoka: inaweza kuwa moyo.

Pepopunda inazuiwa na chanjo. Mama mujamuzito aiulize kwenye kliniki, itamulinda yeye na mutoto.