Ndae ya Kitambo, Doo ya Sai: Venye Utachukulia Gari Yako Bima Bila Kulipwa Nusu

Kama uko Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu ama Meru na una ndae ya kitambo imepikwa ikaiva, hii ni yako. Inaweza kuwa Subaru Impreza GC8, Forester yenye tabo, ama Peugeot 504 ya guka umeifufua kutoka nyuma ya boma. Wewe unajua imemeza doo ngapi. Swali ni moja: ikipigwa leo kwa kona za Nithi, ama ishike moto ikiwa garaji, kampuni ya bima itajua imemeza ngapi?

Haitajua, isipokuwa imeandikwa. Hapo ndipo wasee wengi huchomeka.

Kwanza jua uko na bima gani

Thadi pati ndiyo lazima. Sura ya 405 ya sheria za Kenya inakataza gari kuwa barabarani bila hiyo. Inalipa mtu uliyemuumiza, na kawaida pia gari ya mwenyewe uliyoigonga. Yako? Sufuri.

Thadi pati, moto na wizi iko katikati. Gari ikichomeka ama iibiwe unalipwa, lakini ukiingia mtaroni pale Sagana hiyo ni shida yako na fundi wako.

Komprihensivu ndiyo bima kubwa. Inashughulikia gari yako hata kama makosa ni yako. Ndiyo unataka, na ndiyo gari ya kitambo hunyimwa.

Kampuni nyingi huweka kikomo cha umri kwa komprihensivu, mara mob kati ya miaka 10 na 15. GC8 ilitengenezwa kati ya 1992 na 2000, kwa hivyo hata ile changa kabisa imepita hapo zamani. Ukiingia ofisini, mtu anaangalia mwaka kwa logibuku, anakuambia "thadi pati pekee", stori inaisha. Usitoke haraka. Kikomo ni cha kampuni, si cha sheria, na kuna zinazokubali gari mzee ukileta ripoti safi ya mthamini.

Kwa nini bei ya kitabu inakudanganya

Hesabu ya kawaida ni rahisi: gari inazeeka, bei inashuka. Kwa Probox ya kupeleka kabeji soko ya Karatina, iko sawa. Kwa ndae ya wapenzi wa magari, mambo hugeuka.

Kenya hairuhusu kuagiza gari iliyotumika ikiwa imepita miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba hakuna meli inakuja Mombasa na GC8 zingine. Zile ziko ndizo ziko, na kila moja ikianguka zinapungua. Ongeza historia: Subaru Impreza ilishinda Safari Rally 1997 na Colin McRae na ikashinda tena 2000 na Richard Burns, na kabla ya hapo Patrick Njiru alikuwa ameshafanya hiyo nembo ipendwe nyumbani. Hata 504 si mbao, ilishinda Safari 1975 na 1978. Watu wanazitaka, na hiyo ndiyo thamani. Lakini mashine ya kampuni inaona tu mwaka na modeli. Haioni mapenzi, na haioni tabo mpya.

Ile namba kwa mkataba si ahadi

Hapa soma polepole. Ile thamani umeandikiwa kwa mkataba wa kawaida ni kikomo tu, si ahadi ya kulipwa hivyo. Gari ikiisha, wanalipa bei ya soko ya siku hiyo, bila kupita hiyo namba. Ndiyo maana kuna mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni kuandika juu sana. Gari ni ya 1,200,000 sokoni, wewe unaandika 2,000,000 ndio ujisikie. Ikiibiwa wanalipa 1,200,000. Umekuwa ukilipia hewa.

Wa pili ni kuandika chini ndio ada ikuwe ndogo. Tuseme gari ni ya 1,200,000 na umeandika 600,000. Kama mkataba uko na kipengele cha wastani, umejikatia bima ya nusu, so hata hasara ndogo unalipwa nusu. Ukarabati wa 300,000 unakuletea 150,000, kisha eksesi inatolewa. Halafu kuna mbaya zaidi. Gharama ya kurekebisha ikifika sehemu kubwa ya thamani iliyoandikwa, mara nyingi karibu nusu, kampuni inasema gari imekwisha. Unapewa hizo 600,000 zako, na ndae inaenda mnada. Bampa, bonneti na taa mbili, na umepoteza gari ambayo fundi angeirudisha barabarani kwa wiki mbili.

Wa tatu ni kunyamaza. Ukibadilisha injini, uongeze tabo ama ushushe saspensheni bila kuambia kampuni, umeficha kitu kinachobadilisha hatari. Bima inasimama kwa kuaminiana. Wakipata baadaye, wako na sababu ya kukataa kulipa, na hapo utalilia kwa choo.

Dawa inaitwa thamani ya makubaliano

Hii ni pale wewe na kampuni mnakubaliana mapema: gari ikiisha ama iibiwe, tutalipa kiasi hiki, hakuna kurudi kuuliza soko. Si kila kampuni hutoa, na ada inaweza kuwa juu kidogo, lakini kwa ndae iliyopikwa ndiyo ya maana. Iombe kwa hilo jina, na uione kwa mkataba. Maneno ya wakala kwa simu ni stori za jaba mpaka yaandikwe.

Ndio ufike hapo, fuata hizi hatua:

1. Safisha logibuku. Ulibadilisha injini ama rangi? Peleka mabadiliko NTSA ndio logibuku ilingane na gari. Namba ya injini isipolingana, umewapa sababu ya kukushuku bure.

2. Tengeneza faili. Weka risiti za spea, meseji za M-Pesa, picha za kabla na baada, namba za tabo na rimu. Fundi wa jua kali hana risiti? Mwambie aandike karatasi ya kazi aliyofanya na bei, aweke sahihi na tarehe.

3. Tafuta mthamini anayekubalika. Uliza kampuni inatambua nani kabla ulipe. AA Kenya ni kati ya wanaofanya hiyo kazi. Osha gari, beba faili, na umwombe aorodheshe kila kitu umeongeza kwa ripoti, si kuandika tu "hali nzuri".

4. Tumia broka, si wakala wa kampuni moja. Wakala anauza bidhaa ya bosi wake. Broka anaweza kubisha milango kadhaa, na kwa gari mzee milango ndiyo unahitaji.

5. Omba mods ziandikwe kwa mkataba na bei zake. Vioo na redio huwa na kikomo chao kidogo, so kama mziki wako ni wa laki mbili, sema mapema.

6. Rudia kila mwaka. Umeongeza kitu Machi? Usingoje bima iishe Desemba. Tuma barua pepe, uweke jibu.

Itakugharimu ngapi

Tuseme mmekubaliana 1,200,000 na ada ni asilimia 4. Hiyo ni 48,000. Ongeza tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, yaani 96, mfuko wa kufidia wenye bima asilimia 0.25, yaani 120, na stempu ya bob 40. Jumla 48,256. Gari mzee inaweza kuitishwa asilimia ya juu kuliko hiyo, so linganisha angalau kampuni tatu.

Halafu uliza eksesi, ile sehemu unalipa mwenyewe kila ukidai. Dereva mchanga ama mwenye leseni mpya kawaida huwekewa kubwa, na wizi pia kama gari haina kifaa cha kuifuatilia. Mbili zikikutana, ada ya bei rahisi inaweza kukutoka ghali.

Vitu zitafanya usilipwe hata na karatasi safi

Mashindano. Ile safari ya Jumapili na mbogi kutoka Ruring'u hadi kibao cha Ikweta pale Nanyuki iko sawa mkienda kama watu. Mkianza kupimana mwendo baada ya Chaka, mkataba wa gari binafsi hauko na nyinyi. Kubeba abiria wa kulipa nayo ni vile vile. Bima ya binafsi si ya matatu, hata kama ni siku moja ya Krismasi.

Ajali ikitokea, piga picha, ripoti polisi uchukue abstrakti, na ujulishe kampuni upesi. Usiguse hata taa kabla mkaguzi wao aone gari. Ukiona hesabu yao ni ya kukunyonga, lipa mkaguzi wako huru, andikia kampuni malalamiko rasmi, na wakikaza peleka kwa IRA, mamlaka inayosimamia bima Kenya. Ni hapo ile faili yako inafanya kazi.

Na kila mtu akikataa?

Chukua thadi pati, moto na wizi kama iko. Kama haiko, chukua thadi pati, kisha ile pesa ungelipa komprihensivu uiweke sacco kila mwezi kwa akaunti huwezi gusa wikendi. Haitalipa gari nzima mwaka wa kwanza, lakini bampa itatoka hapo.

Sai toa cheti chako uangalie kimeandikwa nini. Kama bima inaisha mwezi huu, tafuta mthamini kabla iishe. Ukifika dakika ya mwisho utachukua chochote umepewa, na mwaka mzima ndae ya milioni itakuwa inatembea na bima ya bei ya tairi zake.