Kombe la Nafasi ya Pili na Mwambao wa Ziwa Mweru

Itakumbukwa kwamba mwaka 1992 Shirikisho la Soka la Afrika lilianzisha mashindano ya tatu ya vilabu barani. Mabingwa wa ligi walikuwa na kombe lao, na washindi wa makombe ya taifa walikuwa na lao tangu 1975. Hili jipya, lililoitwa Kombe la CAF, lilikuwa la timu zilizoshika nafasi ya pili katika ligi za nchi zao. Kikombe chenyewe kilitolewa na tajiri wa Nigeria, Moshood Abiola. Mashindano hayo yaliishi miaka 12 tu. Fainali ya mwisho ilichezwa mwaka 2003.

Yeyote aliyeufahamu mpira wa Afrika wakati ule angedhani kwamba kikombe hicho kingefika mapema katika nchi mbili zinazogawana maji ya ziwa Mweru. Nchelenge, upande wa mashariki, ni mji wa wavuvi wa Zambia. Ng'ambo ni Katanga, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na kambini. Samaki wa ziwa hilo na wa mto Luapula walilisha wachimba shaba wa nchi zote mbili kwa miongo mingi, na shaba ndiyo iliyolipia mpira. Klabu ya Lubumbashi, Mazembe, wakati huo ikiitwa Englebert, ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, na mwaka 1980 ikatwaa Kombe la Washindi. Upande wa Zambia, Nkana ya Kitwe ilifika fainali ya mabingwa mwaka 1990, ikashindwa kwa mikwaju ya penalti na JS Kabylie ya Algeria. Mwaka uliofuata jirani zao Power Dynamos walitwaa Kombe la Washindi.

Hata hivyo, katika fainali zote 12 za Kombe la CAF haikuonekana timu hata moja ya Zambia wala ya Kongo.

Sababu ya kwanza ni shaba yenyewe. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Kampuni ya Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000 ilipofika 1994. Zambia nayo iliuza migodi yake ya umma kwa mafungu kati ya 1997 na 2000, na mfuko uliokuwa ukizisafirisha timu ukawa si ule tena. Mashindano ya vilabu barani ni mashindano ya nauli kabla ya kuwa ya mabao. Gharama hiyo Zambia iliijua kwa namna ya kuhuzunisha kuliko nchi nyingine yoyote: tarehe 27 Aprili 1993 ndege ya Jeshi lake la Anga, iliyokuwa ikiipeleka timu ya taifa Dakar kwa vituo, ilianguka baharini karibu na Libreville. Walikufa watu 30, wakiwamo wachezaji 18 na askari walioirusha ndege hiyo.

Sababu ya pili ni vita, na hii wenye sare wataielewa bila kufafanuliwa sana. Mapigano yaliyozuka Kongo Agosti 1998 hayakuzimwa na mkataba uliotiwa sahihi Lusaka Julai 1999. Mapema Desemba 2000 majeshi ya Rwanda na waasi wa RCD waliuteka Pweto, mji ulio kaskazini mwa ziwa, pale mto Luvua unapoyapokea maji ya Mweru. Askari wa serikali ya Kongo, pamoja na baadhi ya wenzao wa Zimbabwe, walikimbilia Zambia wakiwa wamechanganyika na maelfu ya raia. Ilibidi walinzi wa mpaka wa Zambia wawapokee wote, wawanyang'anye silaha waliokuwa nazo, na wamtenge mpiganaji na mkimbizi. Kazi ngumu, hasa pale askari anapokuwa ameivua sare yake njiani. Raia walipelekwa katika kambi za Mwange, wilayani Mporokoso, na Kala, wilayani Kawambwa. Mwaka huo huo JS Kabylie ililitwaa Kombe la CAF, ikalitwaa tena 2001 na 2002.

Afrika Mashariki ilikaribia mara mbili. Mwaka 1992 Villa ya Uganda ilitoka sare bila bao na Shooting Stars mjini Kampala, kisha ikafungwa mabao 3 kule Ibadan. Novemba 1993 Simba ya Tanzania ilirudi kutoka Abidjan na sare ya bila bao dhidi ya Stella. Dar es Salaam ilijiandaa kwa sherehe, na wageni wakashinda 2 kwa 0 katika Uwanja wa Taifa. Kuanzia 1995 hadi 2003 kikombe hakikutoka Afrika Kaskazini. Naye Abiola alishinda uchaguzi wa rais wa Nigeria Juni 1993, utawala wa kijeshi ukaufuta, akawekwa kizuizini mwaka uliofuata, na akafia humo Julai 1998. Mashindano yakamzidi umri kwa miaka mitano.

Mwaka 2004 Kombe la CAF liliunganishwa na Kombe la Washindi, likazaliwa Kombe la Shirikisho. Wakati huo Mazembe ilikuwa mikononi mwa Moïse Katumbi, aliyeiongoza tangu 1997. Katumbi alizaliwa Kashobwe, kando ya mto Luapula, katika nyumba ya mfanyabiashara wa samaki, na yeye mwenyewe aliwahi kuiuzia samaki Gécamines. Mpaka ulipotulia na shaba ikapanda bei, klabu yake ilivuka kutafuta wachezaji Zambia. Novemba 2016 Mazembe iliifunga MO Béjaïa ya Algeria mabao 4 kwa 1 mjini Lubumbashi na kulichukua Kombe la Shirikisho, Rainford Kalaba wa Zambia akiwa miongoni mwa wafungaji. Mwaka 2017 ililichukua tena.