Sakafu ya joto
Mfumo wa kupasha chumba joto kuanzia chini, kwa nyaya za umeme au mabomba ya maji moto yaliyofukiwa chini ya vigae au ndani ya zege. Warumi wa kale walipitisha hewa ya moto chini ya sakafu zilizoinuliwa kwa nguzo; Wakorea wana ondol, iliyotumia moshi wa jiko. Mabomba ya leo ni ya plastiki, na maji yake huhitaji nyuzi 30 hadi 45 tu. Uso wa sakafu ya sebule haupaswi kuzidi nyuzi 29.

Katika chumba kilichokwisha kujengwa nyaya ni rahisi zaidi, kwani haziinui sakafu sana. Kwanza huwekwa tabaka la kuzuia joto lisipotelee ardhini; anayeliruka asilaumu mtambo.

Si kila mahali palipoinuka panahitaji mfumo huu: Mkolani, kata ya Wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza, iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, lakini usiku wake haudai gharama hii. Ubaridi wa sakafu huko ukitokana na unyevu wa ardhini, nailoni nzito iliyotandazwa kabla ya kumwaga zege yatosha. Nchini Tanzania mfumo huu ungefaa zaidi wilayani Makete, ambako sakitu huanguka Juni na Julai.