Hewa, Ukaa na Marejesho: Msamiati wa Ghuba ya Gazi

Neno "hewa" limepata sifa mbaya katika Kiswahili cha siku hizi. Mfanyakazi hewa ni jina linalopokea mshahara huku mwenyewe hayupo. Mradi hewa ni ule uliokamilika kwenye makaratasi tu. Basi mtu akifika kwenye baraza ya wavuvi na kuwaambia kwamba kijiji chao kinaweza kuuza hewa, asishangae wazee wakitazamana. Sikio la Mswahili limekwisha kufunzwa kwamba auzaye hewa ni tapeli na ainunuaye ameliwa.

Hata hivyo biashara hiyo ipo, na ina zaidi ya miaka kumi. Katika Ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale, kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Mombasa, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko chini ya mradi walioupa jina la Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013. Hesabu zake hufuata kiwango cha kimataifa cha Plan Vivo, na kinachohesabiwa ni takriban tani 3,000 za gesi ya kaboni kwa mwaka. Fedha zilizopatikana zimesaidia kuleta maji safi vijijini na vitabu shuleni. Mwaka 2017 mradi ukatunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Karibu na mpaka wa Tanzania, vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu navyo vimeifuata njia hiyo.

Kazi imetangulia, maneno yanachechemea nyuma yake. Na kwa kuwa uhifadhi wa ghuba ni mapatano kati ya watu wengi, wakiwemo wavuvi, wakata miti, serikali, watafiti na wanunuzi walio ng'ambo, neno bovu humponza mtu. Istilahi ya uhifadhi ipimwe kwa jambo moja: je, aliyeisikia amejua nani anawajibika kwa lipi, na nani anamdai nani?

Tukiipima "kuuza hewa" kwa kipimo hicho, inaanguka. Gazi hakuna anayefunga hewa kwenye gunia. Mti huvuta gesi ya kaboni, ukaigeuza kuwa shina, majani na mizizi; sehemu kubwa ya kaboni hiyo huishia topeni. Tope la mikoko limeshiba maji na lina oksijeni kidogo mno, kwa hiyo mabaki ya mimea huoza polepole sana, na kilichofukiwa kinaweza kubaki humo karne kwa karne. Mnunuzi analipia tope lisifukuliwe, miti isikatwe na mingine ipandwe. Yaani analipia kazi: doria, upandaji, upimaji na kujinyima.

Tena yupo mshirika mwingine ambaye neno "kuuza" linamficha. Misitu ya mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1932. Wanakijiji hawana hati ya kuimiliki miti wala ardhi ile. Walichonacho ni haki ya kushiriki katika kuusimamia msitu kupitia chama chao, haki iliyopata nguvu katika sheria ya misitu ya mwaka 2005, pamoja na mkataba na shirika la serikali la huduma za misitu. Mwuzaji asiye na mali ni jambo la kutia shaka. Mtunzaji anayelipwa ujira wake anaeleweka hata kwa mtoto. Kama ningekuwa na kalamu ya kuandika mikataba hiyo, ningefuta "mauzo ya hewa" nikaandika "ujira wa utunzaji".

Lakini gesi yenyewe lazima iwe na jina. Tanzania wamezoea "hewa ukaa". Kenya huandikwa zaidi "hewa ya kaboni", na wenye haraka husema "hewa chafu". Hili la mwisho ndilo baya kuliko yote, maana gesi hiyo hiyo hututoka puani kila tunapopumua, nayo ndiyo chakula cha mti. Ubaya wake ni wingi uliopita kiasi. "Kaboni" halina kosa, ila halimwambii kitu mtu ambaye hakukaa darasa la kemia. "Ukaa" lina siri nzuri: ndani yake unaliona kaa la moto, na nyuma ya kaa la moto unaliona gogo lililokatwa likachomwa. Mama anayewasha jiko anaelewa mara moja kwamba mti una makaa ndani yake hata kabla ya tanuri.

Kiswahili, kwa bahati tu, kimeongeza ladha juu ya ladha. Kaa la moto, kitenzi kukaa na kaa wa baharini ni maneno matatu yasiyo na undugu, lakini mikokoni yanakutana. Kaa wadogo wa msituni huyaburuta majani yaliyodondoka wakayaingiza mashimoni mwao, na hivyo kuyafukia kabla maji ya kupwa hayajayachukua. Ukitaka kulieleza somo zima la kaboni ya pwani kwa pumzi moja, sema: ukaa hukaa topeni, na kaa ni miongoni mwa wanaoufukia. Hii si asili ya neno, na mwanaisimu asije akainukuu. Ni msaada wa kukumbuka, na msaada wa namna hiyo istilahi za kuazima haziwezi kuutoa.

Neno "mikoko" nalo linataka uangalifu. Kwa maana finyu, mkoko ni mti mmoja, ule wenye mizizi ya magongo inayoshuka kutoka shinani. Kwa maana pana, mikoko ni jamii yote ya miti ya maji ya chumvi. Kenya ina aina tisa, na pwani inayajua majina mengine vizuri: mchu, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi, msikundazi, kikandaa. Kila jina lina makazi yake. Mlilana husimama mbele ukipokea mawimbi. Mkoko hufuata, kwenye tope laini. Mkandaa hupenda kuwa juu kidogo, na mchu huvumilia hata nyanda za chumvi ambazo ni maji ya bamvua tu yanayozifikia.

Anayesema "tupande mikoko" bila kuuliza mikoko ipi anaweza kupoteza jasho la kijiji kizima. Mbegu ya mkoko huota ingali inaning'inia juu ya mti. Ukiichukua na kuichomeka topeni, inasimama. Kwa urahisi huo, sehemu nyingi za dunia watu wamepanda mkoko mtupu hata mahali pa mlilana au mchu, na miche ikafa kwa mawimbi, kwa chumvi au kwa kukaa majini kuliko inavyoweza. Jina la jumla linalifaa bango la mradi. Kwenye kitalu na kwenye ratiba ya upandaji, kila mti uitwe kwa jina lake, na mwenye kuyajua majina hayo apewe nafasi mezani kama mtaalamu, kwa sababu ndiye.

Kuna orodha nyingine ambayo pwani iliitunga zamani: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Haya hayataji aina ya mti. Yanataja unene wa mti uliokatwa, kuanzia ule mwembamba wa kusukia ukuta hadi ule mnene wa kubebea nyumba. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti za pwani hii hadi Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, na katika nyumba kongwe za huko, sawa na za Lamu, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Kenya ilipiga marufuku kuzisafirisha nje ya nchi mwaka 1982. Soko likafungwa, msamiati ukabaki.

Mtu anaweza kudhani huo ni msamiati wa adui, maana unauona mti baada ya shoka tu. Mimi nauona kuwa hazina. Mtafiti wa Gazi anapotaka kujua msitu una kaboni kiasi gani, hupima unene wa shina, kisha akatumia hesabu kuugeuza unene huo kuwa uzito. Mkata miti mzoefu hutofautisha pau na mazio kwa jicho. Wote wawili wanasoma kitu kimoja mtini. Kwa hiyo mkata miti aliyeacha shoka ana elimu ya kuanzia upimaji, na fito na boriti zinaweza kuendelea kuishi kama madaraja ya ukubwa wa miti iliyosimama. Mahitaji ya ujenzi nayo hayajaisha. Ndiyo maana Mikoko Pamoja wamepanda pia mivinje nchi kavu, ili mwenye kutafuta nguzo asilazimike kuingia mikokoni.

Nafika kwenye neno ninalolipenda kuliko yote katika mjadala huu: kurejesha. Ripoti hulitumia kwa upole, "urejeshaji wa uoto", kana kwamba ni kazi ya bustani. Mtaani lina makali. Mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa anajua marejesho ni nini: ni fedha ulizokopa, na siku ya kuzirudisha ikipita utaulizwa. Anayerejesha, alichukua.

Historia ya Gazi inalipa neno hilo haki yake. Katika miaka ya 1970 mikoko ya ghuba hiyo ilikatwa kwa wingi ili kuwa kuni za viwanda, vikiwemo vya tanuri za chokaa na matofali. Baadhi ya sehemu zilizofyekwa hazikuota tena zenyewe. Mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Samaki ya Kenya, akiwemo James Kairo ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa Mikoko Pamoja, walianza kupanda upya. Kwa hiyo deni lilikuwepo, lakini walioingia topeni kulilipa wengi wao ni wanakijiji, si wenye tanuri. Mtu akisema "jamii inarejesha ghuba", neno lenyewe linauliza: mkopo huu aliula nani? Istilahi inayozua swali la haki hivyo isilainishwe.

Upande wa samaki, pwani ya Kenya imezaa neno "tengefu", yaani eneo la bahari ambalo wavuvi wenyewe wameamua lisivuliwe. Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wavuvi waliweka tengefu la kiasi cha hekta 30 katika miaka ya 2000, na mfano wao ukaenea. Neno limetoka kwenye kitenzi cha nyumbani. Hutengwa chakula cha mgeni, hutengwa fedha za karo. Kilichotengwa kina mwenyewe na kina siku yake. Lakini mtu naye hutengwa, na hilo ni adhabu. Mvuvi ambaye hakuitwa kikaoni atalisikia kwa maana hiyo ya pili, na atakuwa na sababu.

Pemba wana njia nyingine. Kisiwa Panza, kwa mfano, wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Kufunga mwamba kunaahidi kufungua mwamba, na siku ya kuufungua hujulikana. Maneno yote mawili ni mazuri, ila hayabadilishani. Tengefu lisemwe pale ambapo eneo limewekwa kando bila tarehe ya mwisho, na kufunga kusemwe pale ambapo tarehe ipo. Anayeyachanganya atavunja ahadi bila kujua.

Pengo kubwa lipo chini ya maji. Ghuba ya Gazi ina viwanja vipana vya majani yanayoota mchangani kati ya mikoko na mwamba. Yana mizizi, yanachanua na kuzaa mbegu. Tafi na pono huyala, na kasa na nguva huyategemea. Kitaalamu yanaitwa "nyasi bahari". Pwani wengi huyajumlisha na mwani, na mwani ni kitu kingine, mmea usio na mizizi ya kweli, ambao Zanzibar na katika kijiji cha Kibuyuni, Kwale, hulimwa kwa biashara. Matokeo yake, juya linaloburutwa juu ya nyasi bahari linaonekana halijaharibu kitu, kwa kuwa kilichong'olewa kinadhaniwa ni mwani tu, na mwani utarudi. Sheria ndogo ya ufukweni haiwezi kulinda kisichotofautishwa kwa jina. Hapa istilahi mpya inahitajika kweli, na "nyasi bahari" inatosha, mradi itoke kwenye ripoti ifike kwenye mnada wa samaki.

Kuhusu "mfumo ikolojia", lenyewe halina dhambi. Libaki vitabuni kwa kazi yake. Katika mkutano wa kijiji, hata hivyo, hakuna awezaye kulipinga wala kulidai, kwa sababu halimtaji mtu wala mahali. Taja mlango, hori, fungu, mwamba na mikoko, na kila mmoja barazani atajua anazungumziwa nani.

Basi wenye kuandika mikataba ya ghuba zetu, na mabaraza yanayosanifu istilahi, nawaomba jambo moja. Kabla ya kutia saini au kuchapisha, someni rasimu kwa sauti mbele ya wavuvi, wakata miti na akina mama wanaookota chaza. Wakishindwa kusema kwa maneno yao wenyewe nani atafanya kazi, nani atalipa na nani atanyimwa nini, rudini mkaandike upya.