Kura tatu kwa msomi: uchaguzi wa 1957 Meru na Embu

Machi 1957, wiki chache baada ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau dhidi ya ukoloni, kunyongwa, Waafrika wa Kenya waliwachagua kwa kura zao wenyewe wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, LegCo, kwa mara ya kwanza. Viti vilikuwa vinane nchi nzima. Kimoja kilikuwa cha Mkoa wa Kati, uliojumuisha Kiambu, Murang'a, Nyeri, Embu na Meru. Mwalimu kutoka Meru, Bernard Mate, alikitwaa kwa kumbwaga Eliud Mathu, msomi wa Fort Hare na Oxford aliyeingia barazani mwaka 1944 akiwa Mwafrika wa kwanza.

Wengi husimulia ushindi huo kama hadithi ya ukabila: Wameru walisimama na mtu wao. Walisimama naye, ni kweli. Lakini mizani ilikuwa imeinamishwa mapema, siku ilipoamuliwa nani aandikishwe na apewe kura ngapi.

Kazi ya kubuni masharti hayo alipewa Walter Coutts, afisa wa serikali ya kikoloni. Ripoti yake haikutaka kila mtu mzima awe na kura moja. Kura ilipimwa kwa elimu, kipato, mali, utumishi na umri, na mtu mmoja aliweza kupewa hadi tatu.

Mchukue mwalimu wa shule ya misheni kule Chogoria au Kigari. Kumaliza shule ya kati kulimstahilisha kura. Kipato cha pauni 120 kwa mwaka, yaani shilingi 200 kwa mwezi, au mali ya pauni 500, kilimwongezea nyingine. Utumishi wa miaka mingi ungeweza kumfikisha kwenye tatu. Sasa mtazame mama yake, aliyelima na kuuza ndizi sokoni ili karo ipatikane. Kama hakuwa na darasa wala kipato cha kuandikwa popote, huenda hakupata hata moja. Aliyemsomesha msomi hakuhesabiwa, na kwangu hilo ndilo doa kubwa la uchaguzi ule.

Kahawa nayo ilikuwa na neno lake. Meru na Embu, pamoja na Kisii, zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Waafrika waliruhusiwa kuipanda miaka ya 1930, na mkulima aliyevuna vizuri aliweza kukisogelea kipimo cha kipato.

Kisha likaja sharti lililowahusu Wakikuyu, Waembu na Wameru peke yao: cheti cha uaminifu. Hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa bado ipo, na bila cheti cha kuthibitisha kwamba hukuwa upande wa Mau Mau, hukuandikishwa. Kiambu, Murang'a na Nyeri ndizo zilizoumia zaidi, maana maelfu ya watu wao walikuwa kizuizini. Baadhi yao walikuwa Mwea, wakati huo sehemu ya wilaya ya Embu, wakichimba mifereji ya mashamba ya mpunga. Meru ilipata vyeti vingi zaidi, ingawa nayo ilikuwa na wapiganaji wake msituni, akiwemo Musa Mwariama, aliyetoka huko uhuru ulipopatikana. Mathu, aliyekuwa Mkikuyu, aliingia uwanjani huku sehemu kubwa ya watu wake ikiwa nje ya sajili.

Kinachoudhi ni kwamba Uingereza yenyewe ilikuwa imeutupa utaratibu wa namna hii. Kwa miaka mingi wahitimu wa vyuo vikuu vyake walipiga kura mbili: moja nyumbani, nyingine ya kiti cha chuo chao bungeni. Sheria ya 1948 ilifuta viti hivyo. Miaka tisa baadaye, kilichoonekana hakifai London kikaletwa Embu kama hatua ya maendeleo.

Wajumbe wanane, wakiwemo Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala na Daniel arap Moi, walikataa uwaziri na kudai viti zaidi. Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, akaongeza sita. Machi 1958 Jeremiah Nyagah wa Embu akaingia barazani, naye akiwa mwalimu, pamoja na Julius Kiano, aliyekuwa na shahada ya uzamivu kutoka Marekani.

Kura ya wasomi haijafutwa kila mahali: Ireland bado ina viti vya vyuo vikuu katika Seneti yake. Mwaka 2022 Tom Clonan alishinda uchaguzi mdogo wa kiti cha Chuo Kikuu cha Dublin. Kwetu, Meru, Chuka na Embu zote zina vyuo vikuu leo, ila maseneta wa Meru, Tharaka-Nithi na Embu huchaguliwa na kila mwenye kitambulisho aliyejiandikisha, kura moja moja. Hata hivyo wabunge walitunga sheria ya kumtaka mgombea wa ubunge au useneta awe na shahada, na ilibidi Mahakama Kuu iitangaze kuwa kinyume cha Katiba mwezi Aprili 2022, miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu.